Mama Katibu Anayesoma kwa Masikio



Tunaandika haya tukiwa watatu: mwenyekiti, mweka hazina na katibu msaidizi wa kikundi cha kuweka na kukopa cha akina mama wa usharika wetu, hapa Morogoro. Ingekuwa rahisi mmoja aandike kwa niaba ya wengine, lakini kosa tulilifanya pamoja, kwa hiyo tumeona tulieleze pamoja. Katibu wetu mwenyewe ametupa ruhusa. Aliyasikiliza maneno haya yote yakisomwa na kompyuta yake, akatusahihisha mahali pawili, na mahali pa tatu akacheka akasema tuache hivyo hivyo.

Tuko wanachama 34. Hukutana Jumamosi mbili kwa mwezi, tunanunua hisa, tunakopeshana, na mwezi wa Desemba tunagawana faida. Tulianza mwaka 2011 na daftari moja kubwa na sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Daftari lilitutosha mpaka mikopo ilipoongezeka, na hasa mpaka tulipofikisha akina Neema wanne. Mwaka 2016 kijana mmoja wa kwaya aliyesomea kompyuta alitutengenezea kanzidata kwa programu ya Access, katika kompyuta ndogo ambayo tulichangishana kuinunua.

Kwa wale ambao hawajaiona, kanzidata si kitu cha kutisha. Ni kama kabati lenye majalada. Jalada moja ni la wanachama, la pili la hisa, la tatu la mikopo, la nne la marejesho. Kila mwanachama ana namba yake ambayo hapewi mwingine, na namba hiyo ndiyo inayoyaunganisha majalada yote manne. Neema namba 7 hawezi kuchanganywa na Neema namba 19, maadamu anayeandika anatumia namba. Shikeni neno hilo, maana tutalirudia kwa aibu.

Katibu wetu aliipenda kazi ile kuliko sisi sote. Alikuwa karani kabla ya kuolewa, na vidole vyake vilikuwa vyepesi. Lakini mwaka 2018 tukaanza kumwona akijigonga kwenye viti vya ukumbini. Akimimina chai, nyingine inamwagika pembeni ya kikombe. Tulimtania kwamba anazeeka. Alipofika hospitali aliambiwa ana presha ya macho, na kwamba imekaa muda mrefu bila kujulikana. Ugonjwa huu mara nyingi hauumi. Huharibu mshipa unaopeleka habari kutoka jichoni hadi kwenye ubongo, na kwa kawaida huanza kula uoni wa pembeni, kwa hiyo mtu huendelea kusoma Biblia yake vizuri huku ameshapoteza sehemu kubwa. Kilichopotea hakirudi, dawa za matone na upasuaji hulinda kilichobaki tu. Tena hufuata ukoo. Mama ambaye mzazi au ndugu yake ana ugonjwa huu, na kila aliyepita miaka 40, asisubiri mpaka aone giza ndipo aende kupima. Dada wawili wa katibu wetu walikwenda kupima kwa sababu yake, na mmoja wao alikutwa nao ukiwa bado mchanga. Sasa anatumia dawa.

Kufikia mwisho wa mwaka 2019 hakuweza tena kusoma kwenye kioo cha kompyuta, hata herufi zikikuzwa kiasi gani. Hapo ndipo tulipomkosea.

Tulikaa kikao, sisi watatu, tukaamua kumpumzisha. Hilo ndilo neno tulilotumia. Hatukumwita. Tuliona ni huruma kutomwita, asije akalia mbele yetu. Kompyuta tukampa katibu msaidizi, kisha tukaenda nyumbani kwa katibu wetu na mchele kilo 10, sukari na doti ya kanga, tukaimba na kuomba. Alitushukuru kwa adabu. Tulipokuwa tunavaa viatu mlangoni akauliza, "Mmeniletea mchele, Mungu awabariki. Na kazi yangu mmempa nani?"

Hakuna aliyejibu vizuri. Tulisema mambo ya kumtia moyo, kwamba sasa yeye apumzike, atuombee tu. Mwenzetu mmoja alikuja kutukumbusha baadaye habari za Bartimayo kule Yeriko. Shida yake ilijulikana na kila mpita njia, na hata hivyo Bwana Yesu alimwuliza kwanza. Sisi hatukuuliza. Tulijibu swali ambalo hatukuwa tumeuliza.

Miezi kadhaa ikapita. Binti wa mdogo wake, aliyekuwa chuoni, alikuja likizo akamkuta shangazi yake amekaa tu. Huko chuo alikuwa amesoma na wanafunzi wasioona wanaotumia kompyuta kama wengine. Basi aliporudi mara ya pili alikuja na programu ya kusoma skrini iitwayo NVDA, akaiweka katika kompyuta ya zamani ya mumewe katibu. Programu hiyo haiuzwi. Ilianza kuandikwa mwaka 2006 na kijana wa Australia asiyeona, Michael Curran, na mwenzake James Teh, naye haoni, akajiunga naye. Programu za namna hii zilikuwapo kabla. Ted Henter, Mmarekani aliyekuwa akishindana katika mbio za pikipiki mpaka alipopoteza macho kwa ajali ya gari mwaka 1978, ndiye aliyeanzisha ile iitwayo JAWS, iliyotoka mwaka 1989. Lakini hiyo hununuliwa, na kwa watu wa hali yetu bei yake ni mlima. Katibu wetu alipoambiwa kwamba walioitengeneza NVDA hawaoni, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi wanajua ninachotafuta."

Inafanyaje kazi? Mtu anaachana na kipanya kabisa, kwa kuwa kipanya kinahitaji jicho la kukifuata. Kila kitu hufanywa kwa vitufe. Unapobonyeza Tab unasogea mahali panapofuata, na sauti inakuambia umefika wapi na pana nini. Vitufe vya F na J vina vinundu vidogo, na kutoka hapo vidole vinajua njia ya kwenda kwingine. Sauti ya kwanza aliyoisikia ilikuwa ya Kiingereza, na ilivyokuwa inayasoma majina yetu, hata mumewe ambaye si mtu wa kucheka alitoka nje kwenda kucheka. Ndipo binti akamwonyesha kwamba ndani ya programu ile ile imo pia sauti ya Kiswahili. Ni sauti kavu, haina huruma, inasoma habari za msiba na bei ya nyanya kwa namna moja. Lakini inaeleweka. Mwanzoni aliiweka polepole. Siku hizi anaiendesha kwa kasi ambayo sisi hatuambulii neno.

Alijifunza peke yake kwa muda wa karibu mwaka mzima, usiku watoto wakishalala, bila kutuambia. Mwaka 2021 alikuja kikaoni akaomba arudishiwe kazi yake kwa majaribio. Tulitazamana. Ni aibu kusema, lakini tulitazamana tukijua kwamba hatuoni tukitazamana.

Jumamosi ya kwanza ilikuwa na mambo mawili. La kwanza, alipofungua fomu ya marejesho, kompyuta ikamwambia kwamba hapa ni mahali pa kuandika, tena patupu. Akabonyeza Tab. Mahali pa kuandika, patupu. Tab tena, hivyo hivyo. Visanduku vyote sita havikuwa na jina. Sisi tulikuwa tunaona maneno "Namba", "Tarehe", "Kiasi" yameandikwa pembeni ya visanduku, tukashangaa kompyuta haiyaoni. Kijana wa kwaya ndiye aliyegundua: yale maneno alikuwa ameyaweka karibu na visanduku kwa kupamba tu, hakuyafunga navyo. Jicho linaunganisha vitu viwili vilivyo jirani. Programu ya kusoma skrini haiunganishi mpaka iambiwe. Tena, kwa kuwa alikuwa amepangapanga fomu mara nyingi, Tab ilikuwa inaruka kutoka kwenye namba hadi chini kabisa kwenye maoni, ndipo inarudi juu kwenye tarehe. Kijana aliona haya sana, maskini, akasema shikamoo mara tatu. Alirekebisha yote mchana mmoja. Tumejiuliza ni watu wangapi wameambiwa hawaiwezi kazi, kumbe ni mchana mmoja tu ulikosekana.

La pili lilitokea siku ile ile. Katibu alitafuta namba ya mwanachama mmoja, na kompyuta, kwa sauti iliyosikika ukumbi mzima hadi kwa mlinzi, ikatangaza jina la mama yule na deni lake lote, mpaka shilingi ya mwisho. Mama alivuta kanga akajifunika uso. Tangu siku hiyo katibu hatembei bila hedifoni. Huvaa upande mmoja, sikio la kulia ni la kompyuta, la kushoto ni letu.

Baada ya hapo aliibadilisha kanzidata kidogo kidogo. Zamani mkopo uliochelewa ulionyeshwa kwa rangi nyekundu. Rangi haisomwi kwa sauti, kwa hiyo alitaka iongezwe sehemu yenye neno: "Imechelewa" au "Sawa". Mweka hazina alifurahi kuliko yeye, kwa kuwa mashine yetu ya kuchapa haina wino wa rangi, na kwa miaka mitano alikuwa anapewa karatasi ambayo madeni yote yanafanana. Alitaka pia kila ingizo libebe tarehe lilipoingizwa na herufi za jina la aliyeliingiza. Tuliona ni usumbufu, lakini tukakubali.

Naye hana ukamilifu, tuseme ukweli. Access ina tabia ya kuhifadhi ingizo pale tu unapoliacha, bila kukuuliza. Tena ukifika kwenye kisanduku kwa Tab, kilichomo chote huwa kimechaguliwa, na ukigusa herufi moja kwa bahati mbaya kinafutika na kuachia ile herufi. Ilimtokea mara mbili. Sasa amejizoeza kusikiliza kila ingizo mara ya pili kabla hajaliacha, na akishtuka hubonyeza Esc, kilichokuwapo kikarudi. Siku moja aliandika 450,000 mahali pa 45,000 kwa sababu ya sauti ya haraka. Aliligundua kabla ya kufunga, akamwomba kijana aweke kizuizi, ili fomu ikatae rejesho lolote linalozidi deni. Sisi wenye macho tumenufaika na kizuizi hicho mara nyingi zaidi yake.

Sasa tufike Desemba 2022.

Siku ya mgawo, mwenzetu mmoja mjane, ambaye ni mmoja wa akina Neema, alionekana kwenye kompyuta anadaiwa rejesho moja la shilingi 45,000. Yeye akasema amelipa lote, akatoa kijitabu chake, na kweli rejesho la Oktoba lilikuwa limegongwa muhuri. Kwa kanuni zetu mwenye deni hapati mkopo wa Januari, na mama huyu aliutegemea mkopo huo kwa sare na madaftari ya watoto wawili. Kijitabu kinasema hivi, kompyuta inasema vile. Wengine wakaanza kunong'ona kwamba huenda muhuri uligongwa kabla ya fedha kutolewa. Tulimwona mjane akikunja kijitabu chake na kukiingiza kifuani, akaketi.

Tukaahirisha mgawo wiki moja. Sisi watatu tulikutana jioni mbili, tukachapisha kurasa zote za marejesho, tukazipitia mstari kwa mstari kwa kidole. Hatukuona kitu. Jioni ya pili mmoja wetu akasema kile ambacho wote tulikuwa tunakifikiri: kwamba tulilitegemea hili, kwamba mtu asiyeona hawezi kuachiwa hesabu za watu, kwamba tulimpa kwa kumwonea huruma na sasa mjane anaumia. Tukakubaliana kumwambia aache. Safari hii tuliona tumwite.

Kitu kimoja kingetosha kutuzuia kama tungetulia. Fedha za sandukuni zilikuwa sawasawa na jumla ya kompyuta. Kama rejesho la mjane halikuandikwa, sanduku lingekuwa na ziada ya 45,000. Halikuwa nayo. Maana yake fedha iliingia na iliandikwa, ila mahali pengine. Hatukuliona hilo, na mmoja wetu ni mweka hazina.

Alikuja na kompyuta yake mkobani, akiwa ameshikwa mkono na mwanawe. Tulianza kwa maombi, kisha tukazungukazunguka. Alitusikiliza mpaka mwisho. Hakujitetea. Akasema, "Naombeni dakika chache niiulize."

Hapa inabidi tueleze. Sisi tukitaka kitu kwenye kanzidata tunafungua jedwali zima na kulipitisha macho juu hadi chini. Yeye hawezi kufanya hivyo, maana sikio hupokea neno moja baada ya jingine, na kusikiliza mamia ya mistari ni kazi ya kutwa. Kwa hiyo amezoea kuuliza maswali ambayo majibu yake ni mafupi. Kanzidata imeumbwa kwa kazi hiyo hasa. Ni sisi tuliokuwa tunaitumia kama daftari lenye taa. Akaandika ulizo lake: katika mwaka huu, ni mwanachama gani ameandikiwa marejesho zaidi ya moja ndani ya mwezi mmoja? Kwetu kila mtu hulipa mara moja kwa mwezi, ni kanuni.

Jibu lilikuwa mstari mmoja. Neema namba 19, Oktoba, marejesho mawili: moja la 60,000, ambalo ndilo lake la kila mwezi, na moja la 45,000.

Mjane wetu ni namba 7.

Yule wa namba 19 alikuwa bado katikati ya mkopo mkubwa, na hakuwa amegundua kwamba deni lake limepungua kuliko alivyolipa. Rejesho la mjane lilikuwa limetua kwake. Na ilikuwaje? Katika fomu kuna orodha ya majina inayoshuka chini, imepangwa kwa alfabeti, na akina Neema wote wanne wamepangana kama kuku kwenye dari. Mwenye macho huchagua kwa kipanya, na kipanya kikiteleza mstari mmoja umeshaandika kwa jirani. Katibu hatumii orodha ile. Huandika namba, na husikiliza ikisomwa.

Alivuta hedifoni kidogo akasema kwa sauti ya chini, "Ingizo hili ni la tarehe 15 Oktoba. Siku hiyo mimi nilikuwa kliniki."

Hakusema zaidi. Sehemu ya herufi za aliyeingiza ilikuwa pale pale, Tab moja tu mbele, na tunajua aliisikia kabla yetu. Herufi zilikuwa za mmoja wetu watatu. Hatutawaambia ni nani, ingawa wenzetu wa kikundi wanajua, maana Jumamosi iliyofuata alisimama mbele ya wote 34 akasema. Kilichotuumiza ni ule ukimya wa katibu. Angeweza kusoma herufi zile kwa sauti.

Mjane alipata mkopo wake. Tulimwendea nyumbani, safari hii bila mchele, tukaomba radhi kwa ajili ya minong'ono. Alisamehe haraka kuliko tulivyotegemea, halafu akauliza kama orodha ile ya majina itaondolewa. Imeondolewa. Wote tunaandika namba sasa, na fomu inaonyesha jina kamili na jina la baba ndipo ukubali.

Kwa Mama Katibu ilikuwa kazi zaidi. Alisema ametusamehe, nasi tunaamini. Lakini alisema pia, "Sikuumia kwa sababu mlinishuku mwaka huu. Niliumia mwaka ule mlipokuja na mchele." Mmoja wetu alilia. Yeye hakulia, akatuuliza kama chai imeiva.

Kijana wa kwaya amehamia Dar es Salaam kikazi, na siku hizi fomu zikitaka kubadilishwa anabadilisha katibu mwenyewe, akimpigia simu pale anapokwama. Katibu msaidizi anajifunza kwake. Ameanza na zoezi gumu kuliko yote: kufanya kazi huku kioo kimefunikwa kanga. Ameshindwa mara nyingi, na kila akishindwa anasikia kicheko kutoka kiti cha jirani.

Jumamosi iliyopita umeme ulikatika jioni tukiwa katikati ya marejesho. Kulikuwa na wingu la mvua, na ukumbi ukawa giza kabisa. Tukaanza kupapasa simu zetu tupate mwanga, mtu akapindua kikombe, mtoto akalia. Kompyuta ya katibu ilikuwa inatumia betri, na kioo chake yeye huwa amekizima ili chaji idumu. Tulisikia vitufe vikiendelea kugongwa, bila kusita, kule mbele alikokaa.

"Hilo la 18 limeingia," akasema. "Leteni la 19."